Siku Mbili Nilizozikata

Ghorofa ya nne, mlango wa kijani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naipokea hivyo hivyo, maana miezi saba ni mingi na mimi nabaki mkubwa wako hata ukinuna.

Hujambo wewe? Wifi yangu hajambo? Amerudisha nguvu, anakula, analala angalau kidogo? Na mgongo wako je? Bado unapandisha mafriji ya watu ngazini peke yako, eti ukimwita mtu akushikie upande wa pili utaonekana umezeeka? Una miaka arobaini na moja, baba. Ita mtu akushikie.

Mama mdogo alinipigia simu Jumanne. Ameniambia mtoto amezaliwa, ana wiki tatu sasa, alitoka na kilo tatu na robo, na mmempa jina la mama. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai nikakiweka chini. Nikamwomba arudie, akarudia. Hongereni sana, mno, wewe na wifi. Sitakuficha kwamba kusikia kwa mama mdogo na si kwako kuliniuma. Ila nilikuwa nimeyatafuta mwenyewe.

Mimi sijambo, kwa kusema tu. Sauti imekauka tangu mwezi wa kwanza, daktari ananiambia nisiongee siku kumi, nikamwuliza kama anajua kazi yangu ni ipi. Miguu inavimba kila nikishuka kwenye ndege, viatu nakuja nimevishika mkononi. Sanduku langu limevunjika gurudumu moja, kwa hiyo nikipita koridoni watu wananisikia kabla hawajaniona. Nimechoka, Kitinda. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Huu nalala nao, naamka nao, napiga nao mswaki.

Hapa kwenye jengo letu bado ni vilevile. Lifti ikifanya kazi siku tatu mfululizo tunapongezana. Mlinzi wa pale chini ameniganda na lile jina alilonipa, Mama Vidonge. Kila nikitoka na sanduku ananiuliza, “Mama Vidonge, leo unakwenda kuwazuia wapi?” Zamani nilikuwa nasimama kumweleza kwamba simzuii mtu, kwamba ninachotaka ni anayetaka kuzaa azae akiwa salama, na anayetaka kupumzika apumzike. Siku hizi namwitikia tu napita. Mwezi uliopita alinisubiri mpaka watu wote wakapanda, akaniuliza kwa sauti ya chini mke wake aende kliniki gani, wana watano na wa mwisho bado hajatembea. Nikamwandikia nyuma ya risiti. Kesho yake nikapita, akaniita Mama Vidonge kama kawaida.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, na mimi sijawahi kukueleza vizuri. Nilikuwa nakuambia “mikutano” tukaishia hapo. Ngoja nikwambie sasa, maana bila hilo hutanielewa.

Mimi ni mwenyekiti wa muungano wa vyama vya nchi nyingi vinavyotetea uzazi wa mpango na afya ya uzazi. Kila mwaka wawakilishi wa serikali hukaa ukumbi mmoja wakaandika karatasi moja ya makubaliano. Neno likigombewa, linawekwa ndani ya mabano, na linakaa humo mpaka wakubaliane au wachoke. Kazi yangu ni mabano, mdogo wangu. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikizunguka dunia kuyafungua mabano ya watu.

Kwa miaka sita tumekuwa na sentensi moja. Inasema mwanamke mtu mzima akienda kliniki kutaka uzazi wa mpango, ahudumiwe bila kudaiwa ruhusa ya mtu mwingine. Yale maneno ya mwisho, kuanzia “bila”, ndiyo yaliyokuwa kwenye mabano. Miaka sita. Unakunywa kahawa mbaya na mtu mwenye suti nzuri, anakuambia yeye binafsi hana tatizo kabisa, kisha anaingia ndani na kuinua mkono kupinga.

Sisi wa vyama tunapewa dakika tatu tu za kusema. Mezani mbele yako kuna taa. Ya kijani unaanza, ya njano unaharakisha, nyekundu ikiwaka kipaza sauti kinazimwa. Kinazimwa hata kama uko katikati ya jina la mama yako. Yalishanitokea.

Sasa tuje kwenye ile simu ya miezi saba iliyopita.

Najua ulivyoiona ile video ya hotuba yangu. Fundi mwenzako alikutumia akakuuliza kama huyu si dada yako, ukaiangalia ukiwa kazini, friji la mtu liko wazi. Ukanipigia palepale. Hukunisalimia. Ukaniuliza, “Dada, wale watu wanakupigia makofi ya nini? Kwamba mimi nisingezaliwa?” Nikakuambia hukunielewa. Ukasema, “Nimekuelewa. Umesema mimba ya nane ndiyo iliyomuua mama. Mimba ya nane ni mimi, dada. Mimi nina jina.”

Na mimi nikakujibu ninavyowajibu waandishi wa habari. Nikakupa takwimu. Nikakutajia wanawake wangapi, kwa mwaka, katika nchi ngapi. Mdogo wangu wa tumbo moja ananiuliza kama alitakiwa duniani, nami nampa takwimu. Ukakata simu. Haki yako.

Tangu hapo nimeandika barua hii mara nne nikaichana. Zote zilikuwa zinajitetea. Hii haitajitetea, inakueleza tu nilichofanya, maana si kile unachodhani. Ni kibaya zaidi.

Mara ya kwanza niliposimulia habari za mama hadharani, nilikuwa mbele ya watu wasiozidi ishirini katika darasa la shule, siku ya mapumziko. Nilitumia karibu nusu saa. Nilisema yote, nikalia, wakalia, tukanywa soda. Mwaka uliofuata nikapewa dakika kumi. Halafu tano. Halafu hizi tatu. Kila mara nilikaa na karatasi na kalamu nyekundu nikakata. Hakuna aliyenilazimisha, na kalamu ilikuwa yangu. Kwanza nikakata barua ya baba. Kisha nikakata safari ya pili ya kliniki. Zikabaki siku mbili. Nikazipima kwa saa, nikakuta zinakula sekunde arobaini, tena zinawachanganya wasikilizaji, hawajui wacheke au wahuzunike. Nikazikata. Nikaandika: “Alifariki akimzaa mtoto wa nane.” Ukumbi ukanyamaza, halafu ukapiga makofi. Nikajua imefanya kazi.

Miaka kumi na tano nimeisema hivyo. Mwishowe na mimi nikawa naikumbuka hivyo. Ni baada ya simu yako ndipo nilipokaa kitandani nikajiuliza, hivi Alhamisi na Ijumaa zilikwenda wapi?

Nadhani hujui ninazungumzia nini. Ungejulia wapi? Baba alirudi kutoka kambi ya ujenzi wa barabara akakuta kaburi, na tangu siku hiyo mama hakuzungumziwa tena nyumbani kwetu. Mama mdogo alifika baada ya mazishi akakuchukua ukiwa na siku tisa, akaenda kukulea huko mliko. Wale wengine sita walikuwa wadogo. Jirani aliyekuwa akitusaidia amekwisha kufariki. Mwenye siku zile nimebaki mimi peke yangu, na ndiye niliyezitupa.

Nitakueleza, lakini kwanza nimalizie ya wiki iliyopita.

Mkutano wa mwaka huu ulianza Jumatatu. Jumatano ikafika zamu yetu. Katibu wangu, binti mchapakazi ambaye hajawahi kusahau hata kalamu, aliniwekea karatasi ileile mezani, habari za mama zikiwa katikati kama kawaida. Taa ya kijani ikawaka. Nikaanza. Nikafika pale pa mama, nikaona jicho la katibu limenikazia, anasubiri ukumbi unyamaze. Nikaparuka. Nikaisoma ile sentensi, nikawaambia kwamba mtu mzima hatumwi nyumbani kuleta ruhusa ya kuutunza mwili wake, nikaishiwa maneno. Taa ilikuwa bado kijani. Msimamizi akaniuliza, “Umemaliza?” Nikasema nimemaliza. Walipiga makofi machache ya adabu.

Ijumaa mchana matokeo yakatoka. Mabano yameondolewa. Lakini sentensi yenyewe imehamishwa. Imetolewa kwenye sehemu ya mambo ambayo serikali zinawajibika kuyafanya, ikapelekwa kwenye utangulizi, mahali wanapoweka maneno mazuri yasiyomfunga mtu. Wenzangu wengine walikumbatiana koridoni, wengine walilia, na mimi nikakaa juu ya sanduku langu bovu nisijue nijiunge na wapi.

Katibu akaja akakaa sakafuni karibu nami. Akasema, bila ubaya wowote, “Mama, ungewasimulia ya mama yako, ingebaki mahali pake.”

Huenda anasema kweli. Wanawake wangapi wataendelea kurudishwa na makarani kwa sababu mimi nilinyamaza dakika moja na nusu? Sitajua. Nilikuchagua wewe, na sitaki unishukuru, wala usidhani ilikuwa rahisi. Bado sina hakika kwamba nilifanya sawa.

Haya. Sasa mama.

Sitakudanganya hata kidogo. Mama hakutaka mimba nyingine. Baada ya yule wa saba alikuwa akipanda ngazi tatu tu anasimama kushika ukuta, damu imepungua. Alikwenda kliniki, na mimi nilikuwa naye, nimembeba yule mdogo. Karani akamwuliza, “Mume wako anajua? Lete barua yake.” Mama akasema mume yuko kambini, mbali. Karani akasema basi asubiri. Mama akamwandikia baba. Akarudi kliniki tena bila barua, kujaribu bahati, akarudishwa. Barua ya baba ilifika baada ya miezi minne. Ilikuwa na mstari mmoja tu wa maana: mpeni anachokitaka. Wakati huo wewe ulikuwa umeshaingia. Mama aliisoma amesimama mlangoni, akaikunja, akasema, “Haya, imechelewa.” Nadhani ndiyo sababu baba hakuweza kumzungumzia tena. Na mimi nilimkata baba kwenye hotuba, dunia nzima ikamwona kama mume aliyekataa.

Ulizaliwa alfajiri ya Alhamisi, kwenye zahanati, bila shida. Ulitoka upesi kuliko sisi wote. Saa sita mchana mama alikuwa amesharudi nyumbani kwa miguu yake, amekubeba mwenyewe, jirani akishika begi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa nimekukasirikia kabla sijakuona, maana nilijua nani atafua nguo.

Mama akaniita nije nikuone. Sikio lako la kushoto lilikuwa limekunjika juu, limelala kabisa, kama ukurasa ambao mtu ameuwekea alama. Mama alicheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Akasema, “Huyu kaja kufunga mlango, na haraka yake yote kajibana sikio.” Ndipo ulipoitwa Kitinda. Jina hilo alikupa yeye, siku hiyo, akicheka. Najua umedhani siku zote kwamba ni sisi tuliokupachika.

Hakutaka kukulaza chini. Jirani akamwambia apumzike, akasema atapumzika ukilala, na wewe hukulala. Ulinyonya, ukasinzia, ukanyonya tena. Ijumaa asubuhi aliomba beseni na maji ya uvuguvugu, akakuogesha yeye mwenyewe ameketi kwenye kigoda karibu na dirisha ili jua likupate mgongoni. Mimi ndiye niliyeshika sabuni. Kisha siku nzima ile, mdogo wangu, kila ukinyonya alikuwa akilinyoosha lile sikio kwa kidole gumba. Taratibu, kutoka chini kwenda juu. Likinyooka analiachia, linakunjika tena. Analinyoosha tena. Nikamwuliza kama litapona. Akasema, “Lisipopona pia sawa. Nitamjua nalo.”

Jumamosi kabla ya mchana damu ikaanza kumtoka. Gari lilitafutwa likachelewa kupatikana. Alikukabidhi mikononi mwangu, akaniambia nikushike shingo vizuri. Hakurudi.

Hizo ndizo siku mbili. Sekunde arobaini.

Hakutaka mimba, lakini wewe alikutaka. Hayo ni mambo mawili, na mimi kwa miaka kumi na tano nimeyafanya moja kwa sababu yalikuwa yanaingia vizuri kwenye dakika tatu. Karani yule angemhudumia mama, labda mama angekuwepo leo na wewe usingekuwepo. Hesabu hiyo sijawahi kuiweza. Ningempigania mama apewe alichokuja kutafuta, ningempigania hata kesho, na bado siwezi kuiwaza dunia ambayo wewe hupo ndani yake. Nimezoea kusimama mbele za watu nikiwa na jibu. Hapa sina.

Nakuomba radhi. Si kwa ajili ya kazi, kazi nitaendelea nayo mpaka miguu ikatae. Nakuomba radhi kwa sababu umeishi miaka yote hii ukidhani hukuwahi kubebwa na mama yako, na mimi nilikuwa najua.

Nimeomba likizo ya wiki mbili, kuanzia mwisho wa mwezi. Katibu alidhani nimeugua. Ningependa kuja. Ukinikatalia nitaelewa, sitatuma wazee wala sitamtuma mama mdogo akushawishi. Ukinikubalia, usije kunipokea, nitafika mwenyewe, mtanisikia kwa lile gurudumu.

Nisalimie wifi yangu, umwambie nampa pole na hongera kwa pamoja, na asikubali kuinuka upesi. Akisikia kizunguzungu au akitokwa na damu isiyo ya kawaida, usisubiri hata dakika, mpeleke. Wasalimie wanangu wote wawili wakubwa, yule wa maswali na yule wa mpira. Msalimie sana mama mdogo, umwambie kikombe nilikiinua tena na chai nikainywa. Mlinzi wetu naye, hakujui, lakini anakusalimu. Mungu akutunzie mikono yako, akutunzie nyumba yako, na amkuze huyo mgeni mwenye jina kubwa.

Jambo moja tu nililotaka kumwuliza mama mdogo, nikashindwa. Mtoto amelichukua lile sikio? Usinijibu kwa barua. Ningependa nilione mwenyewe, nijaribu kulinyoosha mara moja tu, kwa kidole gumba, kutoka chini kwenda juu.

Wako akupendaye hata ukininunia,

Dada Mkubwa